Mikate ya Zafarani na Kahawa ya Bibi Gunhild

Nileteeni karatasi nyeupe na wino mweusi, na kama wino umekwisha nileteeni karatasi ya kuokea na kipande cha siagi, nitaandika hivyo hivyo, maana habari hii haiwezi kulala njaa. Sogeeni, enyi wa karibu na wa mbali, fungeni mlango baridi isiingie, wazibeni watoto midomo kwa zabibu kavu, nami nitawasimulia vita vya Torkel mwana wa Sven, Torkel Mkandaji, Torkel wa aproni ya maua, alivyopigana katika mji wa Björkfors siku moja kabla ya Sikukuu ya Lusia, ile sikukuu ya mishumaa ya katikati ya majira ya baridi, theluji ilipofika magotini na jua lilipoaga saa tisa mchana kama mgeni aliyechungulia sufuria akaona chakula hakitoshi.

Msidhani adui alikuwa zimwi. Adui alikuwa ukavu. Na mwamuzi wa vita alikuwa Gunhild, mama mkwe wake Torkel, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, asiyemtukana mtu. Tangu Torkel aoe na kujitwika kazi ya kuoka mikate ya zafarani, Gunhild hakuwahi kumwambia neno baya. Kila asubuhi ya Lusia aliuchukua mkate, akautazama, akautumbukiza ndani ya kahawa na kuuacha humo uogelee. Asiyejua angesema bibi huyu anapenda kahawa. Torkel alijua. Mkate laini huliwa hivyo hivyo, mkavu ndio huchovywa, na kila tone lililodondoka kutoka mkate ule lilimwangukia moyoni.

Tena mwaka huu palikuwa na jambo la kupoteza. Jumapili iliyopita Gunhild alisema, huku akivaa glavu mlangoni, "Torkel mwanangu, usijitese bure. Mikate ikiwa kama ya mwaka jana, mwakani watoto waje waokee kwangu. Nawe upumzike."

Apumzike! Lo! Siku ya kuoka ilikuwa yake yeye na wanawe, Signe wa miaka minane na Vidar wa miaka mitano, siku ya unga nywelini na nyimbo za kupotoka, na aliipenda kuliko Krismasi yenyewe. Aliogopa kunyang'anywa. Naam, aliogopa, kwani nani kasema mashujaa hawaogopi?

Basi shujaa akaitwaa zafarani, ile inayofichwa nyuma ya keshia dukani kama dhahabu ya mfalme, akaitia kinuni pamoja na sukari, akatwanga mpaka jiko zima likanukia. Kisha akapanda juu ya kigoda na kuyahutubia majeshi yake.

"Enyi wanangu, damu ya damu yangu! Leo hatuoki mikate. Leo tunalitetea jina la ukoo! Atakayerudi nyuma—"

"Baba, aproni umeivaa kinyume," akasema Signe.

"Shujaa hatazami mgongo wake!"

"Ndiyo, lakini maua yako mgongoni."

Akashuka, akaigeuza, na vita vikaanza. Maziwa yakapashwa moto, siagi ikayeyuka, hamira ikatoa povu, unga ukamiminwa, na donge likazaliwa, la manjano, zito, lenye kunata kuliko jirani mwenye shida.

Na hapa, wasikilizaji wangu, ndipo miaka yote shujaa wetu alipojichimbia kaburi. Donge la zafarani hunata, ndiyo tabia yake. Lakini Torkel hapendi kitu kinachomng'ang'ania vidoleni, na kila liliponata alilitupia unga, gao juu ya gao, mpaka linyooke na kutii amri kama askari. Likitoka tanurini lilikuwa gumu kama kiatu cha askari huyo huyo. Hakuna aliyewahi kumwambia, naye hakuwahi kuuliza. Wanaume!

Akanyoosha mkono kwenye mfuko wa unga. Mfuko ulikuwa mtupu.

"Nani?" akanguruma.

Sauti ndogo ikatoka chini ya meza. "Mbuzi alitaka theluji."

Torkel akainama. Chini ya meza alisimama yule mbuzi wa pambo, aliyefungwa kwa majani makavu, anayewekwa nyumbani kila Krismasi, amezama hadi tumboni katika unga mweupe, na kando yake Vidar, mweupe hadi kope.

"We Vidar! Theluji si iko nje, tele, tena ya bure?"

"Ile ni baridi, Baba. Atapata mafua."

Shujaa akaketi sakafuni. Duka lilikwisha fungwa, gari lilikuwa limefukiwa na theluji. "Tumekwisha," akasema, na safari hii hakuwa akihutubia. "Mwakani mtaokea kwa Bibi."

"Kwa Bibi hatuimbi," akasema Signe. "Na haturuhusiwi kulamba bakuli." Akachovya mikono yote miwili kwenye siagi na kuisugua. "Hebu lete mikono yako, Baba. Acha kulia."

"Silii. Ni zafarani."

Kwa mikono inayoteleza wakalishambulia donge lile tepetepe. Wakalivingirisha liwe kamba kamba, wakazikunja ncha, moja juu, moja chini, na katika kila mkunjo wakazamisha zabibu kwa kidole, ndani kabisa, isije ikaruka na kuungua. Vidar alikunja ncha zote upande mmoja kama pembe, akatangaza kuwa wake ni mbuzi. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kumbishia.

Asubuhi ikafika. Signe akaingia amevaa nguo nyeupe, taji la mishumaa kichwani, Vidar nyuma yake akiinua nyota ya karatasi, wakiimba kila mmoja kwa sauti aliyoipenda. Gunhild akafuta machozi, akaketi, akamiminiwa kahawa. Akachagua mkate. Alichagua mbuzi wa Vidar.

Akautazama. Mkono ukasogea kuelekea kikombe. Torkel akashika ukingo wa meza.

Mkono ukasita. Gunhild akaubonyeza mkate kidogo kwa kidole gumba, akaupeleka mdomoni. Akatafuna. Akamsifu Signe nywele zake. Akachukua mwingine, akautafuna pia, na kahawa ikakaa pale pale mpaka ikaacha kutoa moshi.

"Torkel," akasema hatimaye, "umetia nini?"

"Siri ya vita, Mama."

"Mbuzi ali—" akaanza Vidar, na baba yake akamziba mdomo kwa mkate mzima.

Gunhild akakung'uta makombo sketini, polepole. "Mwakani mnaoka siku gani? Nitakuja mimi. Nitakaa tu pale pembeni, sitasema kitu."

"Karibu, Mama," akasema Torkel. "Ila kwetu tunaimba."

Basi andikeni, enyi watunza habari wa Björkfors, andikeni wajukuu wasome: kwamba asubuhi ya Lusia, mbele ya mashahidi wawili na mbuzi mmoja, Torkel Mkandaji aliinua kikombe cha mama mkwe wake kukipeleka kwenye sinki, na kahawa ilikuwa imepoa, imejaa hadi ukingoni, na ndani yake hapakuwa na kombo hata moja.