Sahihi Ambayo Hata Mimi Siwezi Kuiiga

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika saa nne ya asubuhi, tai ikiwa shingoni, mbele ya foleni nzima ya ofisi ya akiba hapa Elisabethville. Nawaandikia ninyi wenzangu wa Kambove kabla habari haijawafikia kwa treni, kwa sababu ikija kwa treni itakuwa imeongezwa chumvi, na naapa kwamba haihitaji.

(Mwandiko ukiyumba, mnisamehe. Kidole gumba kina wino, na kalamu inateleza. Sababu mtaiona.)

Chanzo ni hiki. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa bwenini aliibiwa akiba yake yote. Mwizi hakuvunja mlango. Alichukua kitabu cha akiba, akaiga sahihi, akapokea fedha mchana kweupe, na inasemekana alimshukuru karani kwa adabu. Sahihi ya mwenzetu ilikuwa herufi moja na mkia. Nikaitazama yangu: herufi mbili na mkia. Tofauti ya usalama wetu ilikuwa herufi moja!

Kwa kuwa mimi ni mtu wa hisabati (na shahada ya pili hapewi mtu anayekurupuka), nikajiwekea kanuni mbili. Ya kwanza: kitabu cha akiba na kitambulisho visikae kamwe pamoja, ili mwenye kuiba kimoja akose cha pili. Kitambulisho nikakizika chumbani, ndani ya gunia la unga wa muhogo. Ya pili: sahihi mpya. Mistari kumi na mmoja. Inaanzia kulia. Katikati ina msalaba wa shaba kama ule wa sarafu zetu mpya za Katanga, kisha kitanzi ndani ya kitanzi, kisha nukta tatu, ya katikati ikiwa juu kidogo kuliko zile mbili. Nikaiandika kwenye kadi ya ofisi. Karatasi ya mazoezi nikaichoma, asije mtu akaiona. Siku ile nilitembea kama mfalme aliyemaliza kujenga ngome.

Leo nikaenda kutoa fedha. Kesho wajomba zangu wanapeleka posa kwa kina Angela, na mkononi wanapaswa kuwa na kitenge na blanketi vya kumpa mama yake. Bila vitu hivyo hawatatoka nyumbani. Na kesho kutwa lori linawarudisha Kilwa yetu ya hapa Katanga, ambako hawatatoka tena hadi mvua zipite. Kwa hiyo ilikuwa leo, au Angela aningoje msimu mzima.

Karani akanipa fomu. Nikatia sahihi. Akaitazama kadi. Akanitazama mimi.

"Patron, huyu ndege ni wa nani?"

"Hiyo ni sahihi yangu."

"Sinyatire ya hapa iko na musalaba katikati. Huu wako uko inje, unatembea."

Fomu ya pili: vitanzi vikawa vitatu. Fomu ya tatu: nukta zikakosa mahali pa kukaa. (Mkono ukianza kufikiri, kazi imekwisha.) Nikaona afadhali nijitetee kwa hoja.

"Mwizi angefanya mazoezi," nikamwambia. "Kwa hiyo kushindwa kwangu kunathibitisha kwamba mimi si mwizi."

"Ayee!" mtu akasema nyuma yangu. "Leo tumepata mwizi wa université!"

Karani akamwita askari wa mlangoni. Akaja polepole, bunduki begani.

"Karte yako ya kitambulisho iko wapi?"

"Ndani ya unga."

"Ndani ya nini?"

"Unga wa muhogo. Kwa usalama."

Foleni ikaangua kicheko. Askari hakucheka. Akanishika kola, ile niliyoipiga pasi mara mbili. "Twende tukaongee ku polisi. Ao kuko muntu hapa anakujua?"

Nikageuka. Na hapo, mtu wa nne katika foleni, nikaona pindo la kitenge: samaki wa bluu juu ya manjano. Sikuhitaji kuona zaidi. Nikaugeukia ukuta.

Mnajua desturi yetu. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja hupinda. Miezi minane nimekwenda kwa kina Angela, na mama yake namjua kuanzia kifundo cha mguu hadi pindo. Nikapima upesi: jela, au kumwita mama mkwe anitetee kama mwizi wa kuku? Nikachagua jela.

"Hakuna anayenijua," nikauambia ukuta.

"Wacha huyo mutoto," ikasema sauti ya pindo. "Miye namujua."

"Mama, mwangalie muzuri usoni," akasema askari.

"Usoni? Weye baba, kwenu hamuna bakwe? Huyu anatafuta kuoa binti yangu. Uso wake sijaona hata siku moja!"

"Sasa unamujua na nini?"

"Na kiatu."

Foleni nzima ikatazama chini.

"Cha kushoto," akaendelea, akiwa ameelekea dirishani. "Hakina kamba. Alikifunga na waya ya shaba, akaipaka rangi nyeusi. Kila Siku ya Mungu anakuja nayo kwangu. Miye na Angela tunamuitaka Bwana Waya."

(Miezi minane! Na Angela akinitazama kwa upole ule!)

Askari akainama. Akaukwaruza waya kwa ukucha. Shaba ikang'aa. "Ni yeye," akatangaza, kama hakimu.

Lakini karani bado alitaka sahihi. Akafungua kidau cha wino. "Asiyejua kuandika anaweka kidole, na shahidi anaweka chake. Lete gumba, patron."

Nikaweka. Mimi, mtu wa shahada ya pili. Mama Angela akaweka chake kando ya changu, safi, mara moja, bila kufikiri.

"Kidole changu hakisahau," akamwambia karani, kwa sauti ya kunifikia. "Na sikifichaka mu unga."

Nilipokuwa nahesabu noti huku nikiangalia ukuta, akamgeukia askari. "Baba, umwambie ule muntu wa pale: blanketi aache, niko nayo. Anunue kamba ya viatu. Kesho tunamungoja."

Askari akanipa ujumbe neno kwa neno, ingawa nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake.

Kamba nimenunua, jozi mbili. Barua hii naifunga kwa kidole gumba. Mwenye kuweza kukiiga na ajaribu. Na atakayecheka hatakula harusini.