Kisogo Kuhamia Mbele

Jumamosi, 3 Agosti 1991
Kikundi chetu cha tarabu kimepata harusi ya Magogoni. Itapigwa video. Bi Mwanatabu, mwenye kikundi, ataka sote tuvae suti, vichwa wazi. Mbele atasimama Boga. Mimi nikae nyuma na ngoma. Mimi, mwimbaji wa mbele tangu kikundi kianzishwe! Boga sauti yake ni ya bawaba kavu, lakini ana nywele. Upara wangu wang'aa kwenye taa, asema Bi Mwanatabu. Tutaona.

Jumanne, 6 Agosti
Nimempata Gona kule Magongo, chumba nyuma ya duka la kinyozi. Zamani alikuwa msaidizi wa chumba cha upasuaji. Walimfukuza kwa wivu, asema. Atatoboa vipande vya ngozi yenye nywele kisogoni, avipande mbele kama miche. Nimemuuliza kama amewahi kufanya. Amesema mkono wake hautetemeki. Nimeridhika.

Alhamisi, 8 Agosti
Imefanyika. Ganzi iliisha kazi ikiwa nusu. Nimelia, wallahi. Damu mpaka masikioni. Nimevaa kofia, nikamwambia mke wangu Dhahabu nimejigonga mlangoni. Hakuamini. Amenipikia uji.

Jumatatu, 12 Agosti
Uso umevimba, jicho moja halifunguki. Pia kuna harufu. Dhahabu adhani panya amefia darini. Ametafuta nyumba nzima. Nami nimemsaidia kutafuta. Gona asema harufu ni dalili ya mizizi kushika.

Ijumaa, 16 Agosti
Homa. Kofia imegandana na kidonda, haivuliki. Dhahabu ameilowesha kwa maji ya chumvi, akaivua taratibu. Miche kadhaa imetoka na kofia. Hakupiga kelele. Amesema, "Mwidani, wewe waoza ungali hai. Twende hospitali."
Nimemwambia baada ya harusi. Ameificha suti yangu. Nimeiona ilipo.

Jumapili, 18 Agosti
Naandika nikiwa wodini. Jana nilitoroka nyumbani nikaenda Magogoni. Bi Mwanatabu alinihurumia, akanipa wimbo mmoja, kofia nisivue. Ubeti wa kwanza watu walinituza. Wa pili, usaha ukanishukia machoni. Mama wa bibi harusi, aliyekuwa akija kunituza, akarudi nyuma. Kisha nikaangukia kinanda. Boga ndiye aliyenibeba hadi garini. Suti yake nyeupe imeharibika kabisa. Nimefurahi kidogo.

Alhamisi, 22 Agosti
Daktari amekata ngozi iliyooza, kutoka kwenye paji hadi utosini. Asema ningechelewa kidogo tu, ningezikwa. Dhahabu amekuwa akilala kitini kando yangu. Leo nimemtazama, nikaona amezeeka ghafla. Nilitaka kumshukuru. Nikajikuta namuuliza kama kwenye video nilionekana upande wangu mzuri.
Amechukua mkoba wake, akaenda kwa kaka yake. 

Jumatatu, 16 Septemba
Ngozi waliyoitoa kwenye paja langu imefunika fuvu na imeshika. Bandeji imetolewa leo. Daktari asema hapo hapataota nywele maisha yangu yote.
Dhahabu hajarudi. Kaka yake ameniletea nguo zangu zote, hata viatu vya mvua.  Baada yake akaja Boga na machungwa. Amesema Dhahabu anangoja nimwombe radhi, neno moja tu, na kwamba Bi Mwanatabu ameniwekea nafasi yangu ya ngoma. Nimemjibu ngoma siitaki. La radhi nitalifikiria.
Alipokwenda kutafuta kisu cha machungwa, nimeazima kioo cha mgonjwa wa jirani. Katikati ya ngozi mpya nimeona kitu cheusi, kimesimama. Unywele! Daktari amesema ni uzi wa mshono uliosahauliwa. Huyu naye ana wivu.
Nimefunua shuka. Paja la pili ni zima, na lina nywele tele.
Boga ameniuliza ampelekee Dhahabu salamu gani. Nimemwambia kwanza apite Magongo, amwambie Gona asihame.