Kila Kitu Kimezimwa

Jumatatu, 3 Machi
Binti yetu amehama. Amepata kazi ya ualimu, amepata vyumba viwili, amepata na mapazia. Shangazi yake kampa printa ya kuchapia mitihani. Kilichobaki ni kompyuta yake mpya, niliyopewa niiandae, maana mimi ni fundi kompyuta wa ofisi, na wa ukoo pia.

Nimeiandaa barabara. Kuitafuta printa kwenye mtandao wa nyumbani: nimezima. Kugawana mafaili na simu yake: nimezima. Kompyuta kujiunga na mtandao yenyewe: nimezima. Kuniruhusu niingie humo nikiwa mbali: nimezima. Nimemwambia mke wangu ni mambo ya usalama, kisichotumika kifungwe. Kasema haya. Ile haya yake.

Ukweli nauandika hapa tu. Kila nilichozima ni safari moja ya kwenda kumwona. Printa, Jumapili hii. Mafaili, Jumapili ijayo. Nikibana vizuri nafika mwezi wa sita.

Jumatano, 5 Machi
Hajapiga. Nimeangalia simu kama ina chaji. Inayo.

Kazini nimebishana na fundi mwenzangu wa meza ya pili. Tunamwita Bwana Washa, kwa kuwa zamani kila kompyuta aliyoishika ilitoka imewashwa kila kitu, hata vile ambavyo hakuna ajuaye kazi yake. Leo kanishangaza. Eti siku hizi anawasha kile ambacho kila mtu atakihitaji, anazima kinachomfungulia mgeni mlango, na akiwa na shaka anamuuliza mwenye mashine. Amuulize mwenye mashine! Nikamwambia huo ni uvivu. Akaniuliza kwani ya binti nimeipangaje.

Nikaenda kunywa chai.

Ijumaa, 7 Machi
Amepiga. Kwa mama yake. Wameongea mapazia mpaka chakula kikapoa, mimi napita sebuleni nakohoa, narudi nakohoa. Mwisho mke wangu akamwambia baba yako yupo hapa, ana kikohozi. Binti akanipa pole. Nikamuuliza, kijuujuu tu, printa inaendeleaje. Kasema inachapa vizuri, baba.

Inachapa? Kuna fundi mwingine. Nimeshindwa kumaliza chakula, na kilikuwa kizuri.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda na begi la vifaa. Niliaga kwamba napita tu huko. Mke wangu akauliza napita kwenda wapi, maana ile barabara inaishia mlangoni kwa binti.

Hakuna fundi. Aliwasha kila kitu mwenyewe siku ya kwanza, akisubiri maji ya chai yachemke. Mashine inauliza, yeye anajibu ndiyo. Basi. Nikakaa kwenye kiti chake, ana kimoja tu, begi mapajani kama abiria aliyepitishwa kituo chake. Nikasema vizuri mwanangu, nilitaka tu kuhakikisha.

Akageuza ndoo, akaikalia mbele yangu. Akasema kuna kimoja hajakiwasha. Kile cha mimi kuingia nikiwa mbali. Nikamuuliza, kwa matumaini, kama kimemshinda. Akasema wala. Ila akikiwasha, nitakuwa namtengenezea kila kitu nikiwa nimekaa kwangu, na yeye Jumapili atamwona nani?

Ilibidi nitafute bisibisi ndani ya begi. Nikaitafuta kwa muda. Haikuwa na kazi yoyote pale.

Akasema niwe nakuja tu, baba, hata kama hakuna kilichoharibika. Nikamwahidi. Kisha akaenda jikoni kupasha chai, akakaa huko muda mrefu kuliko chai yoyote inavyodai.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemsimulia mke wangu. Kafurahi mpaka kaniongezea mchuzi. Kasema afadhali sasa nimeelewa: mzazi haendi kwa mwanawe kwa sababu ya waya, anakwenda kwa sababu ni mwanawe. Nimemwambia ni kweli tupu. Nimekubali kwa moyo wote.

Jioni ujumbe wa binti: baba, printa haionekani tena, sijui imepatwa na nini, unaweza kuja Jumapili?

Nimemjibu kwamba hilo linaonekana ni tatizo gumu, asiguse kitu, nitakuja na begi.

Mafaili bado hajayagundua. Niliyazima hapo hapo pamoja na printa, chai ikiwa inapashwa. Hayo ni ya Jumapili inayofuata.