Kumfundisha Irene Maoni Yake

Jumatatu, 19 Januari
Irene kagoma tena. Miaka mitano tu, ubishi wa mama yake (sijasema kwa sauti). Tangu wiki iliyopita hataki kukanyaga darasa la awali. Leo kang'ang'ania mguu wa kitanda mpaka kitanda kikasogea. Na mtoto wa jirani yangu Tomaso ndiyo kwanza anapita barabarani akipiga kelele, "Gudi moningi ticha!" Tomaso kanitazama, kacheka. Kijiji chetu chote cha Daudi kinajua. Aibu gani hii! Na huruma pia. Mtoto alilia kweli.

Jumanne, 20 Januari
Mwalimu Fransiska kaitisha kikao Ijumaa. Tuje na watoto, na watoto ndio wataulizwa darasa liweje. Watoto! Mama Irene kafurahi, kasema tuanze kwa kumuuliza Irene kinachomsumbua. Nikamwambia maoni ya mtoto lazima yaandaliwe. Nimeshaamua Irene anataka nini: Kiingereza. Tomaso atakoma.

Alhamisi, 22 Januari
Mazoezi. Mwalimu akikuuliza chochote, jibu ni "Kiingereza." Nyumbani tunaongea Kiiraqw, kwa hiyo hata neno lenyewe lilimpa shida. Kwa maandazi likanyooka. Nina akili mimi!

Ijumaa, 23 Januari
Balaa! Nimevaa koti, nimekaa mbele kabisa. Mwalimu akamuuliza Irene, kwa Kiswahili, kitu gani darasani hakipendi. Irene akasimama wima: "Kiingereza!" Tomaso alicheka mpaka akashika benchi. Nikakohoa kumshtua mtoto. Akarudia kwa nguvu zaidi. Kisha akanidai andazi mbele ya watu wote.

Mwalimu hakucheka. Akachuchumaa, akamuuliza upya kwa Kiiraqw. Hapo Irene akafunguka. Siku ya kwanza alibanwa na mkojo, hakujua kuomba ruhusa kwa Kiswahili, akajikojolea, wenzake wakamcheka. Anataka aruhusiwe kuomba kwa Kiiraqw. Hilo tu! Machozi yalinilengalenga. Mtoto wa Tomaso naye akanyoosha mkono, akasema hata yeye huwa anajibana mpaka nyumbani. Mwalimu akakubali palepale, na watoto wakapiga makofi. Njiani Mama Irene akamnunulia Irene andazi alilonidai. Bora angenigombeza.

Jumatatu, 26 Januari
Irene kaamka kabla yangu! Kavaa viatu mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto, katoka mbio na mtoto wa Tomaso wakicheka. Nimesimama mlangoni nimefurahi mpaka chai ikapoa. Baadaye nimemweleza Tomaso kwamba hili wazo lilikuwa langu tangu mwanzo.

Ijumaa watoto wataulizwa tena: wanataka michezo gani uwanjani. Nimeshajua nilipokosea. Nilitumia Kiswahili! Jioni nimemkalisha Irene, nikaanza kumfundisha kujibu "bembea", safari hii kwa neno la Kiiraqw. Akataka kuniambia yeye anapenda nini. Nikamwambia anyamaze kwanza, tunaandaa maoni ya watoto.