Msiba wa Golikipa Noeli

Jumatatu, 14 Julai 2025

Upepo wa kijijini kwetu Zuzu umeamka kabla yangu. Vumbi mpaka kwenye chai.

Nikolaus tena! Jana kaweka kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya Lameck, mshambuliaji wetu wa zamani, kavaa kola ya uchungaji. Pongezi zikammiminikia kama yeye ndiye aliyemwekea mikono. Kundi ni langu! Nimelianzisha mimi, nikalipa jina mimi: Kimbunga cha Zuzu, Wako Wapi Sasa? Timu ilikufa zamani, lakini wachezaji wake wametawanyika nchi nzima, na kuwafuatilia ni kazi yangu. Nikolaus alikuwa winga wa kushoto, basi. Leo ana kipindi cha michezo redioni na anadhani kila habari ni yake.

Nimejibu mapigo. Nimempigia Noeli, golikipa wetu, ambaye hajasikika miaka na miaka. Namba nimeipata kwa taabu na simpi mtu. Yuko Busi, Kondoa, analima. Akapokea mwanamke, akasema yeye ni Mwantum, mwenye duka anakochajisha simu Noeli. Mtandao unakwaruza. Nikauliza Noeli yuko wapi.

"Noeli ...metoka. Tangu asubuhi."

Simu ikakatika.

Ametutoka! Tangu asubuhi!

Nikakaa chini. Nikaiona mikono yake, mipana kama nyungo. Kisha nikawaza kwamba huenda Nikolaus naye kasikia. Nikaandika mbio: kwa masikitiko makubwa, golikipa wetu hatunaye tena. Nikatuma. Nimemtangulia! Baada ya hapo nikalia. Kweli, nililia.

Jumanne, 15 Julai

Msiba umewekwa Mkonze, nyumbani kwa Penina, dada yake Noeli. Turubai, viti, masufuria. Nikolaus katangaza redioni na hakunitaja hata kwa bahati mbaya.

Penina hajamsemesha mdogo wake tangu walipomzika mama yao. Waligombania mahali pa kaburi. Noeli akaondoka na hasira zake, Penina akabaki na zake. Leo alikuwa amekaa kwenye mkeka anarudia jambo moja tu, kwamba Noeli ameondoka bila wao kusalimiana. Sikuweza kumtazama usoni.

Wazee wakaniomba nifuatilie habari za maziko. Nimepiga, haipatikani.

Kisha wachezaji wa zamani wakakaa pembeni. Ikaamuliwa Jumamosi tucheze mechi ya kumuenzi, Kimbunga dhidi ya maveterani wa Mkonze, uwanja wetu wa zamani. Lameck akauliza golini atasimama nani. Macho yote yakanigeukia.

Misimu sita nilikuwa kipa namba mbili. Misimu sita benchi! Noeli hakuumwa, hakuumia, hakupewa kadi hata moja ya njano. Sikuwahi kucheza hata dakika za kumalizia.

Nikasema, kwa sauti ya msiba, kwamba nitajitahidi.

Jumatano, 16 Julai

Noeli kapiga simu.

Noeli! Mwenyewe! Nilikuwa nimeshika kikombe, sasa sina kikombe. Sauti inatoka upande mmoja wa mdomo. Alikwenda Kondoa mjini kung'oa jino, shavu limevimba, akalala kwa rafiki, leo karudi, Mwantum akamwambia alitafutwa. Akauliza kuna nini.

Hapo ndipo ningesema. Ulimi ulikuwa tayari kabisa. Nikaona goli, nyavu, mimi katikati. Nikamwambia nilitaka kumsalimia tu. Akafurahi sana, akasema mimi ndiye pekee ninayemkumbuka.

Mke wangu Zipora akauliza mbona natoka jasho na baridi yote hii ya Julai. Nikasema ni tangawizi.

Jioni Mkonze, balaa. Penina kafunga mizigo, anataka kwenda Busi kesho akamzike ndugu yake. Nikolaus anatoa gari lake! Nikasema barabara imekatika. Nikolaus akauliza imekatwa na nini, mvua ya Julai? Watu wakanikazia macho. Nikasema basi, ukweli ni kwamba wenyeji wameshamzika. Penina akapiga ukelele ambao bado nausikia ninapoandika.

Nikaongeza haraka kwamba tucheze kwanza, kisha Jumapili twende wote na udongo wa goli lake tukaumwage kaburini. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Jumapili nitajua la kufanya.

Alhamisi, 17 Julai

Mazoezi. Zipora kanirushia mipira uani, sikudaka hata mmoja. Kuku wamehama.

Mchana simu kutoka Busi, safari hii namba ya Mwantum. Noeli. Katika kipindi cha Nikolaus amesikia kwamba amefariki. Alikuwa anacheka, na jino lake linamuuma akicheka. Mara akaacha kucheka.

"Gerson. Penina amesikia?"

Nikasema amesikia.

"Amelia?"

Nikasema anaendelea kulia.

Kisha akasema hana namba ya dada yake, niende sasa hivi nikamwambie yu hai, na yeye kesho anapanda gari. Nikamshauri apumzishe shavu, aje Jumapili.

"Dada yangu analia, wewe unaniambia Jumapili?"

Nikaahidi kwenda. Na nilikwenda! Nilipanda bodaboda mpaka Mkonze, nikabisha hodi, nikafungua mdomo. Penina akaniambia nisubiri. Akaingia chumbani, akatoka na jezi. Namba moja, ya kijani, ya Noeli. Aliiokota siku ile waliyogombana, akaifua, akaitunza miaka yote bila kumwambia mtu. Akaniwekea mikononi kwa mikono miwili. Akasema nimvalie mdogo wake.

Mtu angesema nini hapo?

Nilisema asante.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeshinda stendi yanakofikia mabasi ya Kondoa. Mpango: nimdake Noeli akishuka, nimpeleke nyumbani, nimfungie na uji wa moto na dawa ya jino, Jumamosi baada ya filimbi ya mwisho nimtoe kama muujiza. Kila anayefurahi husamehe.

Basi la kwanza, hayumo. La pili, hayumo. Nikamkumbatia mtu mwingine kabisa, mwenye kofia, akaniuliza kama nina akili timamu.

Kugeuka, Nikolaus! Kaja kupokea mgeni. Akauliza namsubiri nani. Nikasema asali. Akauliza asali inashuka na basi lipi. Nikasema inategemea. Akasema anaomba namba ya yule mwanamke wa Busi, anataka kumhoji kesho moja kwa moja uwanjani. Nikasema simu yangu imezima. Hapohapo ikaita.

Sikuipokea. Nimerudi kwa miguu. Noeli sijamwona. Labda shavu limezidi. Mungu anisamehe, nimeliombea lile shavu lisipone upesi.

Jumamosi, 19 Julai

Uwanja ulifurika. Mchungaji Lameck akaomba. Dakika moja ya ukimya. Upepo tu, na Penina mstari wa mbele, kanga nyeusi, macho kwenye jezi niliyovaa.

Kipindi cha kwanza nilikuwa simba! Mkwaju wao wa kwanza niliuzuia kwa uso. Sikukusudia, lakini hakuna aliyejua. Watu wakaimba jina langu. Mimi, Gerson! Kwa dakika zile sikukumbuka Busi, wala jino, wala chochote.

Kipindi cha pili ukaingia ubaridi. Kelele zikapungua upande mmoja wa uwanja, kama mtu anapunguza redio. Beki wangu wa kulia akatazama nyuma yangu, akavua kiatu kimoja, akakimbia. Wa kushoto akamfuata. Nikasikia sauti ya upande mmoja wa mdomo, karibu na nyavu.

"Gerson, sogea mbele. Umeacha kona yote wazi."

Mpira ukapita hapohapo. Goli.

Alikuwa kashuka kwenye lori la alizeti, shavu kama embe, vumbi mwili mzima, mweupe kama mtu wa kuzimu kweli. Nusu ya uwanja ilikuwa mbioni. Penina hakukimbia. Alitembea, taratibu, akavuka mstari, refa akampisha. Akafika mbele yake, akavua kanga ya mabegani na kumchapa nayo. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mbwa wewe! Hata kufa hujui!"

Noeli akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

Watu waliokuwa wakikimbia wakasimama.

"Marahaba," akasema Penina. Akamkumbatia na shavu lake, Noeli akapiga yowe la jino, na uwanja mzima ukalia na kucheka kwa pamoja.

Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nilidhani nimepona. Nikolaus akaniletea kipaza sauti. Nikaeleza: mtandao, ametoka, ametutoka, nani asingekosea? Watu wakacheka. Nilikuwa naelekea kushinda! Ndipo Noeli, kwa roho safi kabisa, akasema anashangaa dada hakuambiwa, maana yeye alishazungumza na Gerson tangu Jumatano.



Penina akanyoosha mkono. Nikavua jezi. Noeli akaivaa, akacheza muda uliobaki na shavu lake na hakufungwa tena. Mimi nilikaa benchi, kifua wazi, upepo wa Zuzu unanipiga, mpaka Zipora akaja akanifunika kitenge na kuniondoa bila kusema neno.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeondolewa kwenye kundi langu mwenyewe. Msimamizi sasa ni Nikolaus! Penina kamwambia Zipora hatanijibu salamu mpaka atakapojisikia. Noeli kahamia kwake kwa wiki nzima, wanapelekana kaburini kwa mama yao asubuhi na jioni. Hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba ni mimi niliyewapatanisha. Fadhila ya punda!

Sikati tamaa. Nimeanzisha kundi jipya, Kimbunga Halisi. Tulikuwa wawili, Zipora akatoka. Lakini watarudi wote, kwa sababu leo nimepata kubwa kuliko zote. Kwenye televisheni ya kinyozi, marudio ya ligi ya Ulaya, kwenye benchi la makocha, kakaa mtu anajifuta uso kwa taulo. Ni Elisha, beki wetu wa kati! Masikio ni yale yale.

Kinyozi anasema jina la yule kocha liliandikwa pale chini, na si Elisha.

Watu wakifika Ulaya hubadilisha majina. Nimeshatuma.