Mashine Ikilia, Tunachimba

Natangaza kwa unyenyekevu mkubwa kwamba kata yetu, iliyoko juu ya Moshi mahali ambapo migomba inaanza kubanana, ndiyo ya kwanza mlimani kuwa na Kamati ya Ugunduzi na Uibuaji wa Rasilimali Zilizofukiwa. Kata nyingine zina barabara. Sisi tuna Kamati.

Mimi nilikuwa katibu wake. Niliteuliwa nikiwa likizo ya kidato cha tatu, kwa sifa mbili: mwandiko wangu unasomeka, na shule ya bweni imenifundisha kusema "hususan" bila kucheka. Mwenyekiti alikuwa Bwana Aristides, Afisa Mtendaji wa Kata, mtu mwenye kalamu nne kwenye mfuko wa shati na maono.

Kamati ilizaliwa mwaka 1996, parokia yetu ilipotembelewa na Mjerumani mmoja mstaafu aliyekuja na mashine ya kunusa vyuma ardhini. Ina mpini mrefu, na chini yake sahani kama ya kupepetea mchele. Ukiipitisha juu ya chuma, inalia. Mzee huyo alitueleza kwamba kwao watu wazima wenye pensheni hutembea mashambani na mashine kama hizo wakitafuta sarafu za kale, kwa starehe tu, kama wazee wetu wanavyocheza drafti, na wake zao hawawapeleki kuombewa. Alipoondoka alimwachia mashine Thadeus, fundi wa redio pale sokoni, kwa sababu Thadeus peke yake ndiye aliyeuliza inavyofanya kazi badala ya kuuliza inauzwa kiasi gani.

Bwana Aristides aliitaifisha siku iliyofuata. Mashine na Thadeus, vyote kwa pamoja.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kitaalamu.

"Mzee, hii swichi ndiyo roho yake," Thadeus alieleza. "Ukiigeuza kushoto, mashine inaruka takataka. Misumari, vizibo vya soda, haina habari navyo. Inalilia vitu vya maana tu. Lakini haiendi chini sana, shubiri moja hivi. Ukiigeuza kulia, inashuka hadi mita nzima. Ila sasa inalilia kila kitu. Yule mzungu alikuwa anaweka kushoto. Alisema afadhali ukose kidogo kuliko uchimbe upuuzi kutwa."

"Yule alikuwa anatafuta kwa starehe," akasema Bwana Aristides. "Sisi tunatafuta kwa niaba ya wananchi. Mnataka niandike wilayani kwamba kata yangu imefikia kina cha shubiri?"

Hakuna aliyetaka.

"Mita," akasema. "Kulia mpaka mwisho."

"Mzee, tutachimba vizibo."

"Vizibo vya mita moja chini havitakuwa vizibo vya kawaida, kijana."

Hapo ndipo lilipopitishwa Azimio letu: mashine ikilia, tunachimba, bila kujali ni kwa nani. Nililiandika kwa herufi kubwa.

Mafanikio yalikuja haraka kuliko tulivyoweza kuyabeba. Katika uwanja wa mnada tuliibua mbavu za mwavuli, kopo la samaki, spoki za baiskeli na kufuli lisilo na ufunguo. Nyuma ya kilabu cha mbege tuliibua vizibo vya soda vingi mno, jambo lililowashangaza wanywaji, ambao kila mmoja aliapa kwamba hajawahi kuchanganya mbege na soda. Katika ripoti nilivipa vizibo jina la Rasilimali Daraja la Tatu. Daraja la Pili ilikuwa misumari. Daraja la Kwanza tuliliacha wazi kwa matumaini.

Mashimo hatukuyafukia, kwa kuwa Kamati ilikuwa ya kuibua, na kufukia kungehitaji kamati nyingine. Padri alitumbukia na pikipiki yake akitoka kumpaka mgonjwa mafuta. Ng'ombe wa Dominika, mwenye duka la kona, alitumbukia akakaa humo mpaka jioni akila majani aliyoletewa, na inasemekana hakutaka kutoka. Walevi waliacha kwenda nyumbani kwa miguu na kuanza kwenda kwa kutambaa. Ofisi ilieleza kwamba ajali hizo ni dalili za maendeleo, kwani katika kata isiyochimbwa hakuna mahali pa kutumbukia.

Thadeus aliomba tena kuhusu swichi. Bwana Aristides alimwambia kwamba anakatisha tamaa wawekezaji.

Kisha ikafika zamu ya kihamba cha bibi yangu, Hilaria, shamba la ukoo ambamo tunaishi na kuzikwa.

Hapa natangaza maslahi yangu: bibi huyo ndiye anayenipikia mtori. Lakini nilihudhuria kama katibu, nikiwa nimevaa soksi za shule. Mashine ilipita kati ya migomba ikiguna hapa na pale, ikavuka mibuni, ikafika kwenye kaburi la babu. Ikalia kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia.

Bwana Aristides alivua kofia. Si kwa ajili ya babu.

"Mama," akasema, "marehemu si ndiye aliyembebea mizigo mlowezi wa Kijerumani wakati wa vita ile ya kwanza?"

"Alikuwa mtoto wa miaka saba. Alibebeshwa kuku."

"Kuku tu?"

"Jogoo mmoja. Na alimpoteza njiani."

"Ndivyo alivyokuambia." Bwana Aristides alitutazama kama hakimu. "Mlowezi anakimbia Waingereza, ana sanduku la rupia, haiwezekani kulibeba. Mtoto anarudi mlimani. Mtoto anakua, anakuwa mzee, anachagua mwenyewe mahali pa kuzikwa. Kwa nini achague hapa?"

"Kwa sababu hapa ndipo kwake," akasema Bibi. "Wewe baba yako umemzika wapi? Stendi?"

"Mama, kinachosema ni mashine."

"Kinacholia hapo ni msalaba wa chuma wa kwanza, ule uliokatika mvua za masika ukazama. Na misumari ya jeneza. Na saa yake, alikataa kuvuliwa. Mnataka kumfukua mume wangu mumwulize saa ngapi?"

Watu walicheka, lakini Bibi hakucheka. Alikuwa ameushika mgomba mmoja kama mtu anayeshika mlango usifunguliwe. Ukimtoa mtu wa kwetu kaburini kwake kihambani hujamsumbua yeye peke yake; umewasumbua na wote wanaotegemea kulala pembeni yake, na Bibi alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nilijaribu kuandika "mwananchi ameonyesha ushirikiano hafifu" nikakuta mkono hauandiki.

Ikaamuliwa kwamba Jumamosi tutachimba kaburi na mibuni yote inayolizunguka, mbele ya mgeni rasmi.

Jumamosi ile Mheshimiwa kutoka mjini aliwasili na gari lenye vumbi la heshima. Alikalishwa kwenye kochi chini ya migomba, akapewa soda. Vijana walisimama na sururu. Bibi alikuwa ameketi juu ya kaburi, amejifunga kanga mbili, na rozari mkononi.

"Shikamoo, mama," akasema Mheshimiwa.

"Marahaba, baba. Umekuja kunichimba?"

Mheshimiwa akakohoa. Ni mtu aliyezoea kufungua vitu, si kufukua. Alimgeukia Bwana Aristides. "Ndugu Mtendaji, kabla hatujagusa kaburi la mtu, nataka uhakika. Hii mashine kweli inafika mita moja? Isije ikawa tunalilia kijiko."

"Inafika, Mheshimiwa. Fundi, mwambie."

"Inafika," Thadeus akasema. "Lakini kuthibitisha, tupate kitu cha chuma ambacho tayari kinajulikana kipo chini mita moja. Tukipitisha, ikilia, basi ni kweli."

Watu walitazamana. Nani ana kitu cha namna hiyo? Sisi tukifukia kitu huwa hatutangazi kina.

"Pimeni kwenye bomba la maji," akasema Bibi.

Niwaeleze wasio wa kata hii. Tuna mradi wa maji. Ulizinduliwa na Mheshimiwa huyuhuyu, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kuanzia chemchemi iliyoko juu ya msitu hadi kwenye koki ya mnadani yamelazwa mabomba ya chuma, siyo plastiki, kwa kina cha mita moja, ili yadumu hadi wajukuu. Akafungua koki, maji yakatoka, akanywa glasi nzima, tukapiga makofi. Pipa lililokuwa nyuma ya ua likaisha alasiri ileile. Tangu hapo ofisi imekuwa ikieleza kwamba maji yako njiani, na kwa kuwa ni maji ya mlimani hayapendi kuharakishwa.

"Wazo zuri sana!" akasema Mheshimiwa, akisimama. "Kipimo cha serikali kwa kitu cha serikali!"

Sijawahi kumwona mtu akimaliza kalamu nne kwa kuzigusa tu. Bwana Aristides alizigusa zote, moja moja.

"Mheshimiwa, jua ni kali."

"Ni hapo tu mnadani."

Tukaenda. Thadeus aliweka sahani chini ya koki. Mashine ikalia vizuri kabisa. Mheshimiwa akapiga makofi. Thadeus akasogea hatua moja kufuata njia ya mabomba. Kimya. Hatua nyingine. Kimya. Akapitisha mashine kwenye chuma cha mkanda wake, ikalia. Akairudisha ardhini, ikanyamaza kama mwanafunzi aliyeulizwa nani ameiba maandazi.

"Betri," akasema Bwana Aristides.

"Ni mpya, mzee. Umesaini mwenyewe."

"Basi mabomba yamezama. Yale yalikuwa mazito, ya ubora wa juu. Ubora unashuka wenyewe."

"Yanazama, na koki inabaki juu?" akauliza Dominika.

Vijana wa sururu hawakusubiri azimio jingine. Walichimba chini ya koki na kuibua kipande cha bomba chenye urefu wa mkono wa mtoto. Kilikuwa kimepandwa pale kama mche wa mgomba, ila hakikuota mizizi.

Mheshimiwa alikigeuza mikononi. "Lakini mabomba yalikuja," akasema polepole. "Niliyapokea. Malori mawili."

"Kama yalikuja, yapo," akasema Bibi, ambaye alikuwa ametufuata akiwa bado na rozari. "Anzeni juu. Maji huanzia juu."

Tukapanda hadi chemchemi, kata nzima, mfano wa maandamano ya Ekaristi. Thadeus mbele na mashine, Mheshimiwa nyuma yake akifuta jasho, akina mama wenye vikapu, watoto, mbwa. Na pale chemchemini mashine ililia! Ililia hatua kwa hatua tukishuka nayo, bila kukatika, sauti nene ya chuma kingi kilicholala chini. Watu walianza kumwomba Bwana Aristides msamaha. Yeye hakuwa anaupokea. Alikuwa anatazama mbele.

Kwenye duka la Dominika, mahali ambapo mabomba yanapaswa kunyooka kwenda mnadani, sauti ilikata kona. Thadeus akakata kona nayo. Ikapita chini ya ua mpya, ikaingia kwenye uwanja uliosakafiwa saruji juzi tu, ikapita mbele ya baraza, ikaishia kwenye banda la ng'ombe wa maziwa, ambako kila ng'ombe alikuwa na koki yake. Mmoja alikuwa anakunywa. Alituangalia kama sisi ndio tumechelewa.

Ilikuwa nyumbani kwa Bwana Aristides.

"Hili," akasema mwenye nyumba, "ni tawi la majaribio."

"Majaribio ya nini?"

"Ya kuona kama maji yanafika."

"Yanafika," akasema Bibi.

Mheshimiwa aliinama kwenye sikio la Thadeus, lakini mimi katibu nilikuwa karibu kikazi. "Kijana, geuza hiyo swichi kushoto."

"Mheshimiwa, nikigeuza kushoto haitasikia kilichoko chini."

"Kwani mimi nimekuambia nini?"

Bibi alikuwa amesikia pia. Masikio yake hayana swichi. "Thadeus, mwanangu," akaita kwa sauti ya kanisani, "betri hizo zinaweza kufika mpaka mjini? Malori yalikuwa mawili, na hapa naona mabomba ya lori moja."

Mheshimiwa akakumbuka kikao. Gari liliondoka bila yeye kufunga mlango vizuri, likatumbukia kwenye shimo la spoki za baiskeli, na waliolisukuma kulitoa waliomba kwanza aseme kikao hicho kinahusu nini.

Wananchi, wakiwa wanalijua Azimio kwa moyo, walikubaliana kwamba Jumatatu asubuhi uwanja wa Bwana Aristides utachimbwa wote, saruji na baraza pamoja.

Jumapili baada ya misa alikuja kwa Bibi. Alikuja kwa miguu, bila kalamu hata moja, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Kwetu anayekujia na isale humkatai, hata kama amekukosea nini. Jani lile likishafika mkononi mwako, kesi imekwisha. Mtu wa cheo kulibeba hadharani, tena akipita mbele ya kilabu cha mbege kilichojaa, ni jambo ambalo watu wa kwetu huliepuka hata kwa kuhama.

"Mama, nimekosa," akasema. "Kaburi la mzee haliguswi tena. Ila nakuomba, wewe wanakusikiliza. Waambie wasinichimbe. Ule uwanja nimeujenga kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Na pembeni ya baraza, mama, ndipo alipolala baba."

Bibi alimtazama mpaka nikamwonea huruma, jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda. Kisha akanyoosha mkono, akalipokea jani.

"Nimekusamehe," akasema. "Kabisa, kutoka moyoni. Na nitawaambia wasichimbe pembeni ya baraza. Baba yako alikuwa mtu mwema."

"Asante, mama. Asante sana."

"Huko kwingine, mabomba yatolewe yalazwe mpaka mnadani, mita moja, kama ulivyotutangazia." Bibi aliingia ndani, akalichomeka isale juu ya mlango, akarudi. "Umekuja na jembe lako, baba, au nikuazime?"