Spika Mbili za Mama Bei Moja

Daktari hakuwa daktari, na jambo hilo halikuwahi kumkosesha usingizi. Alikuwa na koti jeupe, kalamu tatu mfukoni, sauti ya upole ya mtu aletaye habari mbaya, na shingoni ile mipira ambayo madaktari wa kweli husikilizia mapigo ya moyo. Wagonjwa wake walikuwa spika. Si yule wa bungeni, ambaye matatizo yake hayana tiba, bali zile za muziki: spika za zamani, za mbao, nzito kama dhambi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Nyumba fulani ina spika kuukuu sebuleni, urithi wa marehemu baba. Daktari anabisha hodi, anakaribishwa, anapima, anatikisa kichwa. Katika kupima, vidole vyake vyepesi vinapenyeza ukanda wa karatasi ngumu nyuma ya kitambaa cha mbele, ukaguse koni, yaani lile duara jeusi linalotetemeka na kutoa sauti. Muziki ukiwashwa, spika inakoroma kama mlevi. "Mapafu yamekwisha, mama. Poleni sana." Wenye mali wanashukuru kupewa chochote na kuondolewa mzigo. Kesho yake karatasi inachomolewa, mgonjwa anapona ghafla, na tajiri mmoja upande wa pili wa mji anazilipia mara ishirini. Miaka kumi na moja mtu huyu alikula na kuvaa kwa njia hiyo, na alinenepa kiasi.

Jumatatu moja asubuhi alikuwa akikatiza mtaa wa nyuma ya soko, koti likiwa limekunjwa ndani ya mkoba, alipotupa jicho kwenye duka la vitu vilivyotumika. Akasimama kama aliyekanyaga msumari. Mle ndani, kati ya cherehani isiyo na gurudumu na kitanda cha mtoto, zilikuwepo mbili.

Aliingia taratibu na kwenda moja kwa moja kwenye pasi za umeme, maana mjanja haangalii anachokitaka. Akainua pasi, akairudisha. Akainua nyingine, akaisogelea spika ya kwanza kwa makalio, kana kwamba anatafuta pa kuegemea. Haikutikisika. Mbao halisi hiyo, si unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Akajikuna kisigino ili ainame, akasoma kibati cha shaba kilichobandikwa nyuma: jina la kiwanda kilichofungwa kabla yeye hajazaliwa, na chini yake namba. Akahamia ya pili, akajikuna kisigino cha pili. Namba ile ile, imeongezeka moja tu mwishoni. Mapacha! Wametoka kiwandani siku moja, wameishi pamoja, na skrubu zao zote zina vumbi la miaka, hakuna bisibisi iliyowahi kuzigusa.

Moyo ulimwenda mbio hata angeweza kuupima mwenyewe.

"Hivi vikabati ni vya viatu?" akauliza.

Mwenye duka, mama wa makamo aliyekuwa akikunja mapazia, hakuinua uso. Watu walimwita Mama Bei Moja, kwa sababu hajawahi kupunguza bei tangu afungue mlango ule.

"Spika hizo, baba. Za familia moja iliyohama. Bei ipo kwenye karatasi."

"Nilidhani watoto watapata pa kukalia." Akainama kuangalia waya wa pasi, mkoba ukafunguka kidogo, akaubana haraka. "Haya mama, nitapita siku nyingine."

"Karibu tena, baba."

Alitoka akipiga mluzi. Ilikuwa kanuni yake: siku ya kwanza kuona, siku ya nne kuponya. Mnunuzi alimpata kabla ya saa sita mchana, mkandarasi mmoja tajiri asiyejua muziki hata kidogo, lakini aliyejua vizuri sana kwamba jirani yake hana spika kama hizo.

Alhamisi akarudi, safari hii amevaa koti jeupe, mipira shingoni, uso umejaa huruma ya kitaalamu. Ndevu alikuwa amezinyoa. Alijiamini kwamba hakuna ambaye angemtambua.

"Habari za kazi, mama. Mimi ni daktari wa spika. Ninapita kwenye maduka kupima bure. Siku hizi kuna ugonjwa."

"Ugonjwa tena?"

"Wa koni. Unaambukiza hadi redio."

"Mungu wangu!" Mama Bei Moja akashika kifua. "Basi umefika kwa wakati, daktari. Juzi tu tulizivuta hizi pale ukutani na kuziunganisha. Wifi yangu ni fundi redio, yuko huko nyuma ya pazia na kazi zake. Ngoja nikuwekee santuri."

Spika zilisimama mbele ya pazia zito la kijani lililotenga duka na karakana. Mama akaweka sahani ya santuri, akashusha sindano.

Hapa ni lazima tumtendee haki mtu huyu. Alikuwa mwongo, lakini masikio yake yalikuwa ya kweli. Kwa miaka kumi na moja alisikia spika kwa dakika tatu tatu, kama mpishi anayeonja na kutema, na chumbani kwake alikuwa na redio ndogo na amplifaya kuukuu ya kufanyia majaribio. Sasa likaja besi, si kwa kelele, likaja kama mtu mzima anayeingia chumbani na kuketi. Zikafuata nyuzi za gitaa, kila uzi peke yake. Kisha mwimbaji, mwanamke, na kabla hajatamka neno la kwanza Daktari alimsikia akivuta pumzi. Pumzi tu! Vinyweleo vya mikono vikamsimama. Akasahau koti, akasahau mkandarasi, akabaki mdomo wazi katikati ya vyombo vya watu waliohama.

Hizi siuzi, akajiambia. Hizi ni zangu. Mkandarasi akanunue kengele.

Lakini kwanza ilibidi zipatikane kwa bei ya kutupa. Akapiga magoti, akaweka kile kidude cha mpira juu ya mbao, akafumba macho, na mkono wa kushoto ukafanya kazi yake kwenye pembe ya kitambaa. Karatasi ikaingia.

Papo hapo muziki ukaanza kukoroma. Kwa kweli ulikoroma kuliko alivyotarajia, mwenyewe alistuka.

"Unasikia, mama?"

"Nasikia! Ni nini hicho?"

"Mapafu." Akasimama, akavua mipira masikioni kwa heshima. "Sipendi kuficha ukweli. Hazitamaliza mwezi. Lakini kwa kuwa nahitaji za kufundishia wanafunzi wangu, naweza kukusaidia kuziondoa kwa robo ya bei yako."

Mama Bei Moja akakaa kwenye kitanda cha mtoto, kikalia.

"Hapana, daktari. Mimi ni mcha Mungu. Siwezi kuuza kitu kinachokufa. Leo wewe, kesho wanafunzi wako, si laana hiyo? Wifi! Wee wifi! Njoo na nyundo."

Pazia likafunguka kiasi cha kupita mtu, akatoka mwanamke mwembamba mwenye miwani, nyundo mkononi.

"Zile mbao ulizokuwa unazitamani za banda la kuku," akasema Mama Bei Moja, "chukua. Spika zenyewe ni wagonjwa tu."

"Ahsante wifi," akasema yule mwembamba, akainua nyundo juu ya kibati cha shaba.

"Subiri!" Daktari alipiga ukelele ambao hakuna daktari aliyewahi kuupiga mbele ya mgonjwa. "Subirini jamani! Nimesema mapafu, sikusema zimekufa! Kuna... kuna dawa mpya."

"Zitapona?"

"Kabisa!"

"Basi kama zitapona, si nzima hizo? Na spika nzima bei yake iko pale kwenye karatasi."

Daktari akatazama karatasi ya bei. Alikuwa amefungwa kwa kamba aliyoisuka mwenyewe.

"Na kuku wangu?" akauliza wifi, nyundo bado iko juu.

Kwa kifupi, alilipa bei yote. Kwa ajili ya kuku alivua saa ya mkononi. Wale wanawake wakamsaidia kupakia kwenye mkokoteni, na Mama Bei Moja akamkumbusha aendeshe polepole kwenye mashimo, wagonjwa wasitikisike.

Chumbani alifagia kwanza. Alizipanga spika ukutani kama mtu anayepokea wageni wa heshima, akachomoa ile karatasi yake, akaunganisha amplifaya, akaketi kitandani, akafumba macho, akawasha.

Nyuki ndani ya kopo. Hicho ndicho alichosikia. Kinyuki kimoja kushoto, kimoja kulia.

Alibadilisha nyaya. Nyuki. Alizungusha vidude vyote. Nyuki wakazidi hasira. Mwishowe akachukua bisibisi na kufungua mgongo, na hapo tu ndipo alipotambua kwamba zile skrubu hazikuwa na vumbi tena. Ndani mlikuwa na tofali mbili zilizozungushiwa gunia, na mbele yake, imefungwa kwa waya, spika ya redio ya mtoto yenye upana wa kikombe cha kahawa. Ya pili vivyo hivyo. Alikaa sakafuni kati ya tofali nne, akafikiri kila tusi analolijua, kisha akayatamka kwa mpangilio.

Asubuhi alikuwa mlangoni pa duka kabla wenye duka hawajamaliza chai. Pazia la kijani lilikuwa limefunguliwa wazi. Katika karakana, pande mbili za meza, yalisimama makasha mawili ya mbao mpya isiyopakwa hata rangi, na ndani yake, nyeusi na nzuri, zilikuwa koni zake. Sahani ya jana ilikuwa ikizunguka.

"Wezi!" akasema Daktari. "Twendeni polisi!"

"Twende," akasema Mama Bei Moja, akiweka kikombe chini. "Nani ataanza kueleza, wewe au mimi? Maana mimi nitaanzia kwenye karatasi uliyochomeka."

Daktari akaachana na habari za polisi. "Lakini jana spika ilikoroma," akasema kwa unyonge.

"Nilikoromesha mimi," akasema wifi. "Wewe ulichomeka kwenye boksi la tofali, lingekoromaje? Muziki wote ulitoka hapa nyuma ya pazia, nilipokuona kwenye upenyo unapiga magoti nikashikiza gazeti kwenye koni. Nilikuonea huruma, kazi yako isiharibike."

"Lakini mlijuaje?"

"Jumatatu mkoba wako ulifunguka," akasema Mama Bei Moja. "Nikaona hiyo mipira. Miaka mitatu iliyopita mtu mwenye mipira kama hiyo alikwenda kwa mama yake wifi huyu, akachukua spika za marehemu mzee kwa bei ya mkate. Siku ya pili wakaokota chini ya dirisha ukanda wa karatasi ngumu aliouangusha, ndipo wakaelewa. Mama yake huyu ni mama mkwe wangu, na anaishi kwangu. Unajua mama mkwe akikosa muziki husikiliza nini? Husikiliza mambo yangu! Miaka mitatu, daktari. Hata nikifunua sufuria anauliza kuna nini."

Wifi hakucheka. "Mama aliacha kuimba," akasema. "Alikuwa akipika anaimba na hizo spika. Jumapili hizi zinakwenda kwake. Wewe una maboksi, yana kibati na namba. Utapata wa kumuuzia, hukosi maneno."

Hapo mtu mwingine angeondoka, au angevunja kitu. Daktari alibaki amesimama, kichwa kimeinama upande mmoja. Mwanzoni walidhani ana aibu. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Leo hazisikiki kama jana," akasema.

"Ni zile zile. Alfajiri nimezisogeza hapa mezani tu."

"Mwimbaji hana mahali. Jana alikuwa mbele yangu, leo yuko kila kona kama moshi. Na besi limekonda. Umeziunganisha kwa haraka. Ya kushoto umegeuza nyaya. Huyu akisukuma, mwenzake anavuta, wanafutiana sauti."

Wifi akakunja uso wa fundi aliyesahihishwa, akainama nyuma ya kasha la kushoto. Alikaa huko kidogo. Alipotoka alichukua bisibisi.

"Legeza ya juu kwanza," akasema Daktari, na bila kuombwa akazunguka meza, akapiga magoti, safari hii kwa kweli, akashika tochi ya simu. Wakabadilisha nyaya. Kisha akataka makasha yasogezwe mbali na ukuta kwa shubiri mbili, yageuzwe kidogo yatazame kiti. "Mama yako atakaa kiti cha namna gani?"

"Cha chini. Magoti yanamsumbua."

"Basi wekeni kitu nyuma, yainamie kwake."

Mama Bei Moja akarudisha sindano mwanzo. Yule mwanamke wa kwenye santuri akavuta pumzi, na alipoanza kuimba alikuwa amesimama katikati ya makasha mawili, mahali ambapo hapakuwa na mtu, karibu kiasi cha kumshika mkono. Wote watatu wakasikiliza hadi wimbo ukaisha.

"Kumbe kazi unaijua," akasema Mama Bei Moja. "Haya, kwa heri daktari. Tuna wateja."

Akajikuta barabarani. Alikuwa amefika kona ya soko wakati akili ilipomrudia na kumwonyesha ukubwa wa hasara. Pesa zimekwenda, saa imekwenda, na juu ya hayo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, ametibu spika kikweli, akaziponya, na hakuna aliyemlipa hata shilingi! Damu ikamchemka. Akageuka na kurudi mbio kudai ujira wake.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akagonga kwa ngumi. Hawakumsikia, walikuwa wameongeza sauti. Akainua ngumi agonge tena, akasita, akaweka sikio kwenye ubao, na kwa uchungu mkubwa akakiri kwamba hata nje ya mlango zilisikika vizuri.